Dawa Isiyo na Anwani: Njia za Baiskeli Kati ya Mifereji, Msitu na Mashamba ya Moshi

Katika kliniki za magonjwa yasiyoambukiza kuna ushauri mmoja unaotolewa kila siku na kusahauliwa kila siku: "Mama, ufanye mazoezi." Mgonjwa huitikia kwa heshima, "Sawa, daktari," kisha huondoka na karatasi ambayo dawa zake zimeandikwa kwa jina, kipimo, saa na idadi ya siku. Mazoezi hayamo katika karatasi hiyo. Hayana kipimo, hayana saa, na zaidi ya yote hayana mahali pa kufanyiwa. Ni dawa isiyo na anwani, na mgonjwa hawezi kulaumiwa kwa kushindwa kuifikia.

Makala haya yanadai jambo moja: mtoa huduma za afya anapaswa kuyaandika mazoezi kama anavyoandika vidonge, na kwa miji midogo iliyozungukwa na mashamba, dawa hiyo inaweza kuandikwa kwa jina la njia. Mji wa Moshi unafaa kuwa mfano, kwa kuwa chini yake kuna njia ambazo wageni kutoka mbali hulipia kuzipita kwa baiskeli, ilhali wakazi wengi wenye kisukari na shinikizo la juu la damu wanaishi umbali wa kilomita chache na hawajawahi kuzipita kwa ajili ya afya zao.

Nchi iliyo chini ya mji

Maji ndiyo yaliyoichora nchi hiyo. Wachaga wa miteremko ya Kilimanjaro walichimba mifereji ya asili, ile inayoitwa mifongo, muda mrefu kabla ya utawala wa kikoloni. Waliyaongoza maji kutoka kwenye makorongo ya mlima hadi kwenye migomba, ukoo kwa ukoo, kwa zamu na kwa masharti. Chini ya mji, tambarare ya Moshi ina mfumo wa aina nyingine. Skimu ya umwagiliaji ya Moshi Chini ilijengwa kwa ushirikiano na Japani katika miaka ya 1980 na kukamilika mwaka 1987. Maji ya mto Rau na ya chemchemi za Njoro huingia kwenye mabanio, hupita katika mifereji mikuu, kisha hugawanywa na mifereji midogo hadi kwenye majaruba ya mpunga ya Mabogini, Rau ya Kati, Chekereni na vijiji vya jirani. Kando ya mifereji mikuu kuna barabara za udongo zilizowekwa kwa ajili ya matengenezo na usafirishaji wa mavuno. Magari ni machache, na mwinuko ni mdogo.

Kati ya mji na majaruba hayo umebaki msitu wa Rau. Ni msitu unaoishi kwa maji ya ardhini: mvua ya tambarare peke yake isingeweza kuulisha, bali maji yanayotoka mlimani hupita chini ya ardhi na kujitokeza humo. Ndani yake imo mivule mikubwa ambayo watu kadhaa walioshikana mikono hawawezi kuizunguka kwa urahisi, na umo msoo, mti unaopatikana katika maeneo machache sana duniani. Mwendesha baiskeli anayetoka mjini asubuhi anaweza kupita kivuli cha msitu, kufuata mfereji, kukata kati ya mpunga na mahindi, na kurudi nyumbani kabla jua halijawa kali. Kusini zaidi kuna mashamba ya miwa ya Arusha Chini, na mashariki kuna uwanda wa Kahe wenye chemchemi zake, kwa aliyekwisha kupata nguvu za safari ndefu.

Kilichobadilika katika miili

Yafaa kukumbuka hali ilivyokuwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 1989, uliofanywa katika vijiji 6 vya Tanzania, ulikuta kisukari kwa chini ya asilimia 1 ya watu wazima. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2012, uliowahusu watu wa miaka 25 hadi 64, ulikuta kisukari kwa takribani asilimia 9 na shinikizo la juu la damu kwa takribani asilimia 26. Tafiti hizi mbili hazilingani moja kwa moja, maana moja ilihusu vijiji na nyingine taifa zima pamoja na miji yake, na vipimo vilivyotumika si vilevile. Hata hivyo, hakuna mhudumu wa kliniki anayehitaji kushawishiwa kwamba foleni ya wagonjwa hawa imerefuka.

Sababu ni nyingi: chakula, umri, uzito, urithi. Mojawapo ni kwamba mwendo umetoka katika siku ya kawaida ya mkazi wa mji. Hata jina la bodaboda linasimulia habari hiyo. Jina hilo lilizaliwa kwenye mpaka wa Kenya na Uganda, na chombo cha kwanza kuitwa hivyo kilikuwa baiskeli yenye karia, iliyovusha abiria na mizigo kwa nguvu za miguu. Leo neno limehamia kwenye pikipiki, na aliyekuwa akitembea dakika 20 hadi sokoni hufika kwa dakika 4 bila kutoka jasho. Hakuna haja ya kuilaani pikipiki, kwa kuwa imeokoa wajawazito wengi waliohitaji kufikishwa hospitali usiku. Lakini kilichookolewa katika muda kimelipwa na misuli na mishipa, na deni hilo hudaiwa kliniki.

Wengine husema kwamba mazoezi ni anasa ya wasiofanya kazi za mikono. Kwa mkulima wa mpunga anayepandikiza miche tangu alfajiri akiwa ameinama, maneno hayo yana haki: hahitaji kuambiwa aendeshe baiskeli, anahitaji kupumzika. Lakini anayeketi kwenye cherehani, dukani, ofisini, kwenye usukani wa daladala au kwenye meza ya kushonea viatu hana jasho hilo. Kumwandikia yeye ushauri uleule wa mkulima, au kutomwandikia chochote, ni kutomwona mgonjwa aliye mbele.

Kwa nini baiskeli

Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, linapendekeza kwa mtu mzima dakika 150 hadi 300 za mwendo wa wastani kwa juma, au dakika 75 hadi 150 za mwendo wa nguvu, na linasisitiza kuwa kiasi chochote ni bora kuliko kutofanya kabisa. Dakika 150 ni safari 3 za dakika 50. Kwenye barabara ya udongo kando ya mfereji, bila haraka, dakika 50 ni kilomita 8 hadi 10: kwenda Mabogini na kurudi, kwa mfano, kutegemea mtu anapoishi.

Baiskeli ina faida ambayo kutembea na kukimbia havina. Uzito wa mwili hubebwa na siti, kwa hiyo mwenye unene au maumivu ya magoti huweza kufikia mapigo ya moyo yanayohitajika bila kuyaumiza maungio. Utafiti wa Copenhagen uliochapishwa mwaka 2000, uliofuatilia watu wapatao 30,000, ulionyesha kuwa waliokwenda kazini kwa baiskeli walikuwa na hatari ya kufa iliyo pungufu kwa takribani asilimia 28 ikilinganishwa na wasioendesha, hata baada ya kuzingatia mazoezi mengine waliyoyafanya. Utafiti wa aina hiyo hauthibitishi kwamba baiskeli peke yake ndiyo iliyowaokoa, lakini unakubaliana na yale yanayojulikana kuhusu mwendo, sukari na mishipa ya damu.

Zaidi ya hayo, baiskeli ina mahali pa kwenda. Mwenye kukimbia kuzunguka uwanja huchoka na uwanja kabla hajachoka miguu. Anayefuata mfereji huona mche ukigeuka suke, na hukutana na watu wanaomsalimu na kumuuliza mbona juzi hakupita. Mazoezi yanayoendelea mwaka mzima ni yale yenye sababu ya kuamkia.

Dawa yenye masharti

Njia hii ikiandikwa kama dawa, lazima iandikwe pamoja na tahadhari zake. Kuwaficha wagonjwa hatari hakufai, na kuwatisha kwa hatari zinazoepukika hakufai pia.

Hatari ya kwanza ni kichocho. Konokono wanaobeba vimelea vyake huishi katika maji yaendayo polepole, na mifereji ya tambarare ya Moshi haijasalimika. Vimelea hupenya ngozi nzima, isiyo na jeraha, kwa dakika chache tu, na huwa wengi majini jua linapokuwa juu. Kuendesha baiskeli kando ya mfereji hakuambukizi chochote. Kinachoambukiza ni kushuka kunawa miguu yenye tope, kupoza uso, au kuosha baiskeli mfereji ukiwa karibu na bomba likiwa mbali. Sharti ni jepesi: maji ya mfereji ni ya mpunga, hayaguswi. Anayewahi kuyagusa mara kwa mara, hasa akiona damu kwenye mkojo au choo, aende kituo cha afya. Dawa ya praziquantel ipo na inafanya kazi.

Hatari ya pili, ambayo wengi huitaja kwanza, ni malaria. Hapa tambarare ya Moshi iliwafundisha wataalamu jambo wasilolitazamia. Watafiti waliolinganisha vijiji vya eneo hilo katika miaka ya 1990 walikuta mbu wengi zaidi penye mpunga, lakini maambukizi machache zaidi kuliko katika kijiji kikavu kisicho na umwagiliaji. Kipato cha mpunga, vyandarua na mbu kuvutwa na mifugo ni miongoni mwa sababu zilizotajwa. Funzo si kwamba mbu wa mpunga hawana madhara. Funzo ni kwamba hofu si kipimo. Mbu wa malaria huuma zaidi jioni na usiku, kwa hiyo mwendesha baiskeli wa asubuhi aliyerudi mapema hana hatari kubwa kuliko aliyelala mjini bila chandarua.

Ya tatu ni viuatilifu. Siku ambayo shamba limepuliziwa dawa, njia inayolipakana iachwe na nyingine ifuatwe. Ya nne ni barabara kuu. Sehemu ya hatari zaidi ya safari hii si msituni wala mferejini, bali ni mahali pa kuvuka lami yenye mabasi na malori. Hapo mgonjwa ashuke, avuke akiisukuma baiskeli. Mwenda pole hajikwai.

Kisha kuna masharti ya mwili wenyewe, na hapa ndipo mtaalamu wa afya anapohitajika. Mgonjwa mwenye maumivu ya kifua, anayeishiwa pumzi akiwa amepumzika, au mwenye shinikizo linalozidi 180 kwa 110 asianze mpaka atibiwe. Mwenye kisukari anayetumia insulini au glibenclamide anaweza kushukiwa na sukari njiani. Abebe sukari, soda ya kawaida au ndizi mbivu, asiende na tumbo tupu, na asiende peke yake katika majuma ya mwanzo. Aliyepoteza hisia za nyayo avae viatu vilivyofunikwa na akague miguu yake kila arudipo. Aliyeambiwa kuwa macho yake yameathiriwa na kisukari amuulize daktari wa macho kwanza. Anayetumia dawa za kupunguza maji mwilini anywe maji ya kutosha na aepuke jua la adhuhuri. Anayetumia atenolol au propranolol asipime juhudi kwa kuhesabu mapigo ya moyo, maana dawa hizo huyashusha. Kwake na kwa wengine wote, kipimo cha mdomo kinatosha: akiweza kuongea lakini asiweze kuimba, mwendo ni wa wastani.

Karatasi ya mgonjwa aliyekwisha kupimwa inaweza basi kusomeka hivi: baiskeli, njia ya mfereji wa Mabogini, dakika 10 kila siku ya kwanza, ya tatu na ya tano ya juma, kuongeza dakika 5 kila juma hadi kufika 50, saa 12 na nusu asubuhi, maji ya kunywa chupa moja, kurudi kliniki baada ya miezi 2 na daftari la vipimo. Kuandika hivyo huchukua dakika 2. Hizo ni dakika 2 nyingi kwa mhudumu mwenye wagonjwa 60 kwenye benchi, na jambo hilo lisipuuzwe. Lakini karatasi iliyochapishwa tayari, yenye nafasi za kujaza, ingezipunguza.

Wanaoachwa nyuma

Ushauri wa baiskeli ukiishia kwa vijana wa kiume utakuwa umewakosa wengi wanaouhitaji. Wanawake wengi wa umri wa kati hawakufundishwa kuendesha, na aliyejua utotoni huona haya kupanda mbele ya watu akiwa mama mzima. Haya hiyo haitibiwi kwa hotuba. Hutibiwa kwa wingi: kina mama 10 wa kliniki moja wakitoka pamoja asubuhi, hakuna wa kuwacheka. Baiskeli isiyo na mwamba wa juu huruhusu kitenge na suruali ndani yake, na barabara ya mfereji isiyo na magari ni mahali pazuri pa kujifunzia kuliko mtaa wowote wa mjini, mradi mafunzo yafanywe mbali na ukingo.

Bei nayo ni kizuizi. Baiskeli mpya si kitu cha kununua kwa chenji ya dawa. Lakini katika nyumba nyingi ipo moja, Phoenix ya babu au ya mjomba, iliyoegeshwa bandani ikiwa na tairi zisizo na upepo. Fundi wa mtaani huifufua kwa gharama ndogo. Vikundi vya wagonjwa vinavyokutana kliniki, ambavyo vingi tayari vina utaratibu wa kuweka na kukopa, vinaweza kumiliki baiskeli chache kwa pamoja na kupeana zamu. Na asiyeweza kabisa kupanda, kwa uzee au kwa kukosa mizani, aifuate njia ileile kwa miguu. Faida ya kivuli na ya kusalimiwa haimwachi.

Deni la wenye mamlaka

Haifai, hata hivyo, kumtwika mgonjwa mzigo wote. Njia haiwi njia ya afya kwa kutajwa tu. Mwaka 1995, katika jimbo la Limburg nchini Ubelgiji, mhandisi wa migodi Hugo Bollen alipendekeza jambo dogo: kila makutano ya njia za baiskeli yapewe namba, ili msafiri apange safari kwa kufuata namba, bila ramani ngumu. Utaratibu huo umeenea Ubelgiji na Uholanzi, nchi za mifereji, na kiini chake ni nguzo, kibao na rangi. Hakuna kinachozuia makutano ya mifereji ya Moshi kupewa namba. Daktari angeweza kuandika "kutoka 1 hadi 4, kisha kurudi", na mgonjwa asingepotea.

Kazi hiyo haiwezi kufanywa bila wenye mahali. Barabara za mifereji ni za kazi ya wakulima kabla ya kuwa za mazoezi ya mtu mwingine. Wakulima wana haki ya kuogopa makundi yatakayobomoa matuta ya majaruba, kuziba malango ya maji au kuiacha mifuko ya plastiki ndani ya mfereji. Chama cha umwagiliaji ndicho kiseme njia zipi zifunguliwe, na msimu wa maandalizi na mavuno zipi zifungwe. Wasimamizi wa msitu nao waseme njia zipi msitu unaweza kuzibeba. Halmashauri iweke vivuko salama penye lami, na kituo cha afya kilete wagonjwa wenye nidhamu. Pande hizo 4 zikiketi meza moja, gharama ni ndogo kuliko ya kuwatibu wagonjwa wachache wa kiharusi.

Wala wageni wanaoletwa na waongozaji wa eneo hilo si washindani. Wao wamekwisha kuthibitisha kuwa njia inapitika na inapendeza, na ada zao huwapa wakazi sababu ya kuulinda msitu. Kinachokera ni mawazo kwamba uzuri wa mahali ni bidhaa ya kumuuzia mgeni, na kwamba mwenyeji anatosheka na vidonge.

Jambo la mwisho ndilo zito kuliko yote. Njia hizi hazina dhamana ya kudumu. Maji ya skimu yamegombewa tangu miaka yake ya mwanzo, baada ya wakulima wa juu ya mabanio nao kuanza kulima mpunga. Mji unakua kuelekea kusini, na jaruba hugeuka kiwanja kwa sahihi moja. Msitu unaotegemea maji ya ardhini hukauka kimyakimya, kuanzia mizizini, kabla jani halijaonyesha. Mtaalamu wa afya aliyezoea kudhani kuwa mambo hayo ni ya idara nyingine ajiulize atamwandikia nini mgonjwa wake siku kivuli cha mwisho kilicho karibu na mji kitakapokuwa kimekatwa na barabara ya mfereji imezungushiwa ukuta. Kliniki inayoandika jina la njia kwenye karatasi ya mgonjwa huipa njia hiyo mtetezi mpya, na mtetezi huyo huja kila asubuhi, kwa baiskeli, kuangalia kama bado ipo.